Karatasi Mbili na Kabureta

Umezitandaza mezani, Verlyn,
moja kulia, moja kushoto,
na katikati umeweka kabureta ya mashine ya theluji
ya Bi. Ostrander, inayonuka petroli,
kana kwamba yenyewe ndiyo hakimu.

Nje, Duluth imezama. Theluji imefika kwenye kioo cha chini,
tanuru la kupashia nyumba linakohoa, linanyamaza, linakohoa.
Mwisho ni kesho, saa sita za usiku.

Hii ya kulia ni ya kiwanda.
Miaka kumi na tisa wamekukata kabla hujauona mshahara,
na sehemu kubwa hulipa wao; haya, tuseme ukweli.
Watu mia nne tumekumbatiana humo,
mzima anambeba mgonjwa asiyemjua jina,
na mwaka ule kongosho la Britta lilipogoma,
ana miaka saba, mweupe kama shuka,
sisi ndio tuliobebwa.
Sijasahau. Kadi ile niliitia kwenye sidiria
siku nne mfululizo, nisije nikaipoteza.

Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo.
Mwaka juzi walibadili kampuni ya bima bila kutuuliza,
na Daktari Sorvari, ajuaye sindano ipi humliza Britta,
akatoka kwenye orodha kama chaki iliyopitiwa na kitambaa.
Na Duane Pelkey je?
Alichomelea mabomba na saratani imo inini,
hadi wiki ya mwisho, akitapika kwenye ndoo ya rangi,
si kwa mapenzi ya mabomba.
Kadi ndiyo iliyomwamsha alfajiri.
Mlimzika Ijumaa. Jumatatu
LaVonne akapokea barua:
ukitaka kubaki, gharama yote sasa ni yako.

Hii ya kushoto ni yetu wenyewe.
Haimjui msimamizi wala king'ora cha zamu.
Ukifungua karakana yako, inakufuata;
ukiifunga, inakufuata.
Nimeipenda hadi nilipofika ukurasa wa pili.
Ada ya mwezi inaupita mkopo wa nyumba.
Halafu, kabla wao hawajatoa senti,
tutangulie sisi kwa dola elfu nane na mia tano.
Nimesoma mara tatu nikidhani mkato umekosewa.
Ruzuku ipo, wanasema, kulingana na kipato:
kadiria utakachopata mwakani.
Kadiria!
Mtu anayengoja theluji ianguke
ndipo mashine za watu ziharibike,
akadirie nini? Mawingu?

Britta ameshuka, soksi moja mguuni.
Simu imesoma kile kidude cha mkononi mwake:
"Mia na arobaini," amesema, si kwetu,
kafungua friji ambamo insulini hulala
kati ya haradali na nyama ya kulungu,
kanywa maziwa kwenye chupa, kapanda.
Hakuziangalia karatasi.
Au aliziangalia, nasi tulikuwa tunamkwepa macho.

Ndipo nilipoigeuza ile ya kiwanda
nikakuta nyuma yake umechora kibao kwa penseli:
HAUGEN, MASHINE NDOGO.
Umeifuta H, ukaichora tena, kubwa zaidi.
Hukusema neno. Ulikuwa ukipuliza tundu la kabureta
taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto.

Sijui, mume wangu.
Wahenga walikuwa na jibu la kila kitu
ila bei.
Nimechukua kalamu, nimeanzia pale tu
ambapo fomu zote mbili zinauliza swali moja.
Britta Joy Haugen, nimeandika. Kwa wino, mara mbili.
Kwingine kote nimeacha wazi.